Jina Kwenye Mlango wa Kutuma

Kisangani, Kabondo, tarehe 2 Aprili 2024

Kwa binti yangu Élise,

Nimepokea barua pepe yako ya tarehe 29 Machi. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Makosa ni matatu tu. Umeendelea.

Unauliza kwa nini sikujibu kwa njia hiyo hiyo. Programu yangu inapokea barua lakini haitumi. Tangu radi ya mwezi wa Februari, fundi Mohamadi alipolazimika kuisafisha kompyuta na kuweka kila kitu upya, barua zako zinaingia bila taabu, ila zangu zinabaki katika kisanduku cha zinazotoka. Ninazituma, zinakaa palepale. Kwa hiyo ninaandika kwa mkono, na bahasha hii ataileta Eddy akirudi Butembo na lori lake. Amenihakikishia siku tisa au kumi, kutegemea barabara. Nimemkabidhi pia kifurushi cha samaki wa kukausha. Mhesabie, wako kumi na wanne.

Usinishauri simu. Unajua kwamba masikio yangu sasa husikia ndani ya simu mlio wa mashine ya kusaga, basi. Na ile njia ya vijana ya kutumiana picha na maneno yaliyokatwa mikia usinitajie kabisa.

Kuhusu jambo mnalolisubiri nyote: barua ya kuondoa matanga ya mama yako nimekwisha kuiandika. Imo katika kisanduku hicho. Mwambie mjomba wako Moïse kwamba ninajua mwaka tangu mama yako afariki ulitimia tarehe 11 Februari. Ninajua pia kwamba watu wa Gédéon hawawezi kuingia kuleta posa katika ukoo wenye matanga. Programu ikitengemaa, barua itatoka.

Ni mimi baba yako,
Paluku Édouard
Mkaguzi wa shule mstaafu


Butembo, tarehe 12 Aprili 2024

Papa wangu mpendwa,

Eddy amefika jana, samaki ni kumi na watatu. Ameapa kwa marehemu bibi yake kwamba mmoja alianguka mtoni kwenye kivuko. Nimemwambia samaki wa kukausha haogelei. Amecheka hadi akakaa chini.

Sasa tuitibu programu. Mimi ninafundisha kompyuta, wanafunzi hamsini na wawili kwa darasa. Siwezi kushindwa na kompyuta ya baba yangu. Fikiria hivi: programu ya barua ina milango miwili, wa kupokea na wa kutuma. Mmoja unaweza kufunguka na mwingine ukawa umefungwa. Kwa hiyo kupokea barua zangu hakuthibitishi kitu.

Kwanza, tazama chini kabisa upande wa kushoto kama kuna alama inayosema kwamba unafanya kazi bila mtandao. Pili, tazama kama kuna barua nzito imeziba kisanduku. Najua uliskani kitabu chako chote cha sarufi ukakiweka kwenye kompyuta. Je, ulijaribu kumtumia mtu?

Papa, sikusukumi, lakini nikwambie hali ilivyo. Gédéon amepata kazi ya uuguzi kituo cha afya cha Yahuma na lazima aripoti tarehe 1 Agosti. Anataka tuondoke pamoja, tukiwa tumefunga ndoa. Wazee wake wanasema hawakanyagi kwa Tonton Moïse mpaka barua yako isomwe. Wakija kabla ya mwezi wa sita kuisha, tutaoana tarehe 20 Julai. Wasipokuja, Gédéon ataenda peke yake, na huko likizo ni baada ya miaka miwili. Yahuma iko katika mkoa wako, Papa. Nitakuwa karibu nawe kuliko nilivyo leo.

Tonton Moïse ameniuliza jana: "Mukaguzi iko anakagua hata matanga?" Nisamehe, nimenukuu tu.

Binti yako,
Élise


Kisangani, tarehe 16 Aprili 2024

Élise,

Nimefuata maelekezo yako umeme uliporudi. Ninakupa matokeo.

Alama ya kufanya kazi bila mtandao haipo. Nimeitafuta pia upande wa kulia, kwa kuwa siku hizi walimu huchanganya kushoto na kulia.

Kitabu changu cha sarufi sikumtumia mtu yeyote. Kina kurasa mia tatu na kumi, na hakuna mtu aliyekiomba.

Nimezima kompyuta nikahesabu hadi mia, nikaiwasha. Hilo hukuliagiza, nililisikia kwa Mohamadi. Halikusaidia. Nimejiandikia barua mimi mwenyewe, yenye neno moja, "Jaribio". Imekaa kisandukuni pamoja na nyingine.

Bahasha hii anaileta dereva mwenzake Eddy. Huyo Eddy mwambie kwamba nilimhesabia samaki mbele ya macho yake.

Gédéon nimemkumbuka. Ndiye kijana aliyekuja mazishini akabeba maji siku tatu bila kuambiwa. Hukuwa umenieleza kabla kwamba anatumwa Yahuma. Nimefungua ramani. Si karibu kama unavyodhani, lakini ni karibu kuliko Butembo.

Nawe mjomba wako mwambie kwamba mkaguzi hukagua panapostahili kukaguliwa.

Baba yako,
Paluku Édouard


Butembo, tarehe 27 Aprili 2024

Papa,

Asante kwa kuhesabu hadi mia. Darasani ningekupa alama zote.

Tujaribu mambo mawili. Fungua mipangilio ya mlango wa kutuma. Utaona namba. Ikiwa ni 25, iondoe, uweke 587. Watoa mtandao wengi wamefunga ile ya zamani. Kisha jaribu kutuma.

Ikikataa, litatokea dirisha dogo lenye maneno ya Kifaransa. Tafadhali yanakili yote, neno kwa neno, kama imla. Jibu limo humo. Hadi leo umeniambia tu kwamba haitumi, kama mgonjwa anayemwambia daktari kwamba anaumwa.

Mama yake Gédéon amenitumia kitenge. Nimekificha. Sijui kama ninaruhusiwa kukipokea kabla barua haijasomwa, na sikutaka kumuuliza Tonton, maana angecheka kwa sauti na mtaa mzima ungejua.

Élise


Kisangani, tarehe 30 Aprili 2024

Élise,

Namba ilikuwa 25. Nimeweka 587. Programu imekaa ikifikiri kwa muda mrefu kuliko siku zote, nikadhani tumefaulu. Kisha dirisha likatokea. Ninakunakilia.

Mstari wa kwanza: « L'envoi du message a échoué. » Yaani kutuma kumeshindikana, jambo nililokuwa ninalijua.

Mstari wa tatu: « Veuillez vérifier et réessayer. » Yaani nihakiki na nijaribu tena.

Chini kuna vitufe viwili. Kimoja ni cha kujaribu tena, kingine ni « Annuler », cha kughairi. Nimebonyeza hicho cha pili.

Kitenge kipokee. Kukataa zawadi ya mzazi ni utovu wa adabu hata wakati wa matanga. Usikivae tu.

Mvua ni nyingi. Hapa nyumbani kila kitu kiko mahali pake.

Baba yako,
Paluku Édouard


Butembo, tarehe 11 Mei 2024

Papa,

Nimesoma barua yako mara nne. Nimewaonyesha walimu wenzangu lile dirisha. Wote wameuliza swali moja: mstari wa pili uko wapi?

Umeandika wa kwanza, ukaandika wa tatu. Nilipokuwa na miaka minane niliruka mstari mmoja wa imla na ukaniandikisha ukurasa mzima mara kumi, siku ya sikukuu, watoto wengine wakicheza nje. Mama alikuja kuniombea msamaha ukakataa. Wewe huwezi kuruka mstari. Umeuacha kwa makusudi.

Na kuna jambo jingine, ambalo nimechelewa kuliona kwa sababu nilikuwa nimejaa namba na milango kichwani. Papa, umeniandikia bahasha tatu kwa mkono. Tatu. Zote zinaeleza kwa nini barua ya matanga haiwezi kutoka. Kwa nini barua yenyewe haikuwamo hata katika bahasha moja? Eddy angeileta kama alivyoleta samaki. Tonton Moïse angeisoma kwenye karatasi, kama watu walivyosoma tangu zamani.

Kwa hiyo nauliza, na naomba unijibu kama unavyowajibu watu wazima. Je, humtaki Gédéon? Kama ni kwa sababu watu wake ni wa Maniema na si wa kwetu, sema. Kama umesikia neno baya juu yake, sema. Nitalia, kisha nitakusikiliza. Lakini usiifanye kompyuta ikatae kwa niaba yako.

Bado siku hamsini mwezi wa sita uishe. Gédéon haniulizi tena. Akinisalimu tu, namuona anatazama mikono yangu kama nimeshika bahasha.

Ninakupenda, na nimekasirika. Yote mawili.

Élise


Kisangani, tarehe 15 Mei 2024

Binti yangu,

Mstari wa pili unasema: « Mot de passe pour Kanyere Patricia ».

Ninauandika mara moja nisije nikauacha tena. Programu inadai neno la siri la mama yako.

Unajua tulivyoishi. Kwa miaka kumi na miwili mimi niliandika kwa kalamu, yeye akapiga chapa na kutuma, kwa jina lake. Alipofariki niliendelea kutumia mlango wake, kwa kuwa kompyuta ililikumbuka neno lake la siri yenyewe. Radi ikalifuta. Mohamadi alinifungulia sanduku la kupokea kwa jina langu. Kwenye mlango wa kutuma aliandika jina alilolikuta kwenye daftari la mama yako, na neno la siri hakulijua, wala mimi silijui. Akasema, "Papa, si kitu, tunalifuta hili tunaweka lako, dakika moja." Akanyoosha mkono. Nikaushika. Nilimwambia aliache.

Kwa desturi ya ukoo wetu, mume hagusi kitu cha marehemu mpaka kaka zake waje kukigawa. Kaka zake hawaji kugawa mpaka barua ya kuondoa matanga isomwe. Nguo zake ziko zilipo. Sufuria yake ndogo sijaipikia. Na jina lile ni kitu chake. Barua haiwezi kutoka nisipolifuta, nami siruhusiwi kulifuta kabla barua haijatoka. Nimelizunguka jambo hili miezi mitatu na sikuona kosa ndani yake.

Hayo ni kweli, lakini si kweli yote, na umenitaka nijibu kama mtu mzima. Kila nilipochukua karatasi ili nikuletee barua hiyo, nilianza kwa habari za programu, na karatasi ikaisha.

Kuna jambo lililonizuia. Baada ya mazishi nilifungua barua zake za zamani alizokutumia kwa niaba yangu. Nilikuta mwisho wa kila moja mistari ambayo sikuiandika. "Papa anauliza kama unakula vizuri." "Papa ameshinda akiitazama picha yako." Mimi sikuuliza. Sikuwahi kusema ninaitazama picha. Niliitazama, ndiyo, lakini aliyekuambia ni yeye. Basi nikafikiri kwamba barua utakayoipata sasa itakuwa yangu mimi peke yangu, hata jina lililo juu yake, kwa mara ya kwanza, na itakuwa ndiyo inayomtoa mama yako nyumbani.

Gédéon ninamtaka. Alibeba maji siku tatu.

Sasa unajua ugonjwa ulipo. Dawa sina.

Baba yako


Butembo, tarehe 26 Mei 2024

Beau-frère, bonjour,

Ni mimi Moïse. Élise ndiye anaandika, mimi nasema tu, maana vidole vyangu ni vinene, vinagonga herufi tatu mara moja. Nimemukataza asisahihishe maneno yangu. Kama kuna makosa, kagua, utapata kazi.

Mutoto amenisomea barua yako. Nilikuwa nataka kukutukana, nilikuwa nimetayarisha matusi tangu Pasaka, mengine mazuri sana. Yote yameharibika. Umenipotezea bure.

Sikia, shemeji. Wewe uko mutu wa vitabu, desturi umeijua kama mutu anasoma règlement, zile sheria za shule. Mimi nimeikalia na wazee. Wakati mama yetu alikufa, unajua kuku zake tuligawa siku gani? Siku ya pili. Kuku haziwezi kungojea mwaka, zinakula, zinachafua, zinaibiwa. Mbuzi vilevile. Na ule mulango wa jikoni wenye ulikuwa umeanguka njiani tuligawa siku ya tatu, maana watu walikuwa wanajikwaa. Wazee walisema hivi: kitu chenye kula, chenye kuoza ao chenye kuziba njia, kinagawiwa mbele, matanga inabaki pale pale. Hakuna mutu alikufundisha hiyo? Ungeniuliza. Lakini wewe kuuliza mufanyabiashara wa maharage, ah, hapana, Monsieur l'Inspecteur!

Donc jana nimemwita dada Kyakimwa na wadogo zetu wawili. Tumekunywa chai. Nimewaambia: jina la Patricia liko ndani ya mashini ya Kisangani, linaziba njia, na mutoto wake hawezi kuolewa. Tumekubaliana wote wane. Kyakimwa amelia kidogo, kisha ameuliza kama jina linakula umeme.

Basi nagawa. Mimi, kaka mukubwa wa Patricia. Jina lake la mashini, na barua zake zote za zamani, ni za Élise. Mulango ni wako. Hauna kosa tena ukiligusa, ni mimi nimekupa ruhusa, na kama Patricia hakubali atanikasirikia mimi, amezoea.

Ila fanya mbio. Hapa watu wameanza kusema mukaguzi amekufa yeye pia, tupange matanga mbili kwa gharama ya moja.

Beau-frère yako,
Moïse

Papa, hapa chini ni mimi Élise. Hatua ni nne. Fungua mipangilio ya mlango wa kutuma. Mahali pa jina, andika anwani yako. Neno la siri ni lile lile unalotumia kupokea. Weka alama panapoulizwa kama likumbukwe, kisha utume.

Kabla hujaandika jina lako, linakili la mama kwenye karatasi, ubaki nalo. Na jambo moja sikuwahi kukuambia. Mwaka mzima baada ya mazishi, barua zako zilifika kwangu zikiwa na jina lake juu. Kila zilipoingia moyo uliruka, kisha nikakumbuka. Sikukuomba ubadilishe. Mimi pia sikutaka.


Butembo, tarehe 2 Juni 2024

Papa,

Zimefika.

Nasema zimefika kwa sababu ni saba, bila kuhesabu ile ya neno "Jaribio" uliyojiandikia. Zilianza kuingia jana saa nne asubuhi, moja baada ya nyingine, zote kwa Tonton Moïse na nakala kwangu. Ulidhani nini, kwamba ukituma tena ya zamani inajifuta? Kila jaribio lako lilikuwa likingoja mle kisandukuni. Ya kwanza ni ya Februari, kurasa tisa, ina utangulizi. Ya pili ni kurasa sita. Zinapungua hivyo hivyo, ukiiacha ya tano. Ya saba ina mistari minne. Nami nilikushutumu kwamba unaifanya kompyuta ikatae kwa niaba yako. Nisamehe.

Tonton aliniagiza nizichape zote. Akazipanga mezani akauliza, "Sasa sheria ni gani? Huyu mutu ameondoa matanga mara saba, hata Patricia mwenyewe atachoka." Tukakubaliana kwamba sheria ni ile barua ya mwisho. Watu wa Gédéon, tuliowapelekea habari jana, walikuwa wamesimama nje ya uzio tangu asubuhi ya leo, hawaingii. Tonton alivaa koti, akasimama, akasoma mistari yako minne kwa sauti ili wasikie huko walipo. Hakufanya mzaha. Alipofika mahali ulipoandika kwamba nyumba yako sasa iko wazi kwa furaha za watu, alirudia mara mbili. Kisha akaenda kuwafungulia mwenyewe.

Walipokaa, akachukua ya tano. Papa, unaikumbuka ya tano? Ina maneno mawili tu. "Patricia alikuwa". Hakuna kitu kingine, hata nukta.

Tonton akasema, "Mukaguzi ametuachia kazi ya nyumbani. Kila mutu amalize." Akaanza yeye: Patricia alikuwa mwizi wa sukari, hata ukiificha juu ya kabati. Mama Kyakimwa akasema alikuwa akiimba vibaya kuliko wote na kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nilisema alikuwa akiongeza mistari kwenye barua za watu. Tulicheka, wengine wakalia, zamu ikazunguka chumba kizima mpaka kwa mjomba wa Gédéon, ambaye hakumjua mama. Akatazama karatasi. Akasema, "Alikuwa mama ya muke wetu."

Hapo ndipo Gédéon alipotoka nje kunawa uso.

Ni tarehe 20 Julai, Papa. Eddy anasema atakuweka mbele, pembeni mwake, si nyuma na mizigo.

Binti yako,
Élise


Kisangani, tarehe 2 Juni 2024

Élise,

Barua ya tano ilitoka kimakosa. Umeme ulikuwa umekatika katikati ya sentensi, na uliporudi nilibonyeza pasipo kusoma. Nilikuwa ninajiandaa kukuomba uifute.

Usiifute.

Nitapanda na Eddy tarehe 5 Julai, ili barabara ikiharibika nisichelewe. Mwambie mjomba wa Gédéon kwamba nimepokea maneno yake na ninayakubali.

Mimi nilitaka kuandika kwamba Patricia alikuwa akicheka peke yake jikoni, nami sikuwahi kumuuliza anacheka nini.

Baba yako,
Édouard